Shoka la Ibrahimu na Bakuli la Unga

Sifa zote ni zako, Mungu uliye mmoja, uliyenipa uhai mpaka magoti yangu yakaanza kulia kama mlango wa zizi, na bado ukaniachia meno ya kuchekea. Uliweka neno lako vinywani mwa watu wengi, kisha ukawaacha waulizane. Nakushukuru kwa uvumilivu wako kwangu, mimi niliyefundisha kosa lile lile kwa miaka arobaini huku ukinitazama tu, na sina shaka ulikuwa ukitabasamu. Uniongoze nisimulie kama ilivyokuwa.

Nimestaafu uinjilisti. Sasa nalima mahindi na mbaazi hapa Kansay, nafuga ng'ombe wachache, na Jumapili nakaa benchi la tatu kama mtu mwingine yeyote. Kazi moja tu ndiyo waliyokataa kunistaafisha, nayo ni kuitungia kwaya maneno ya nyimbo. Kila mwaka kwaya za vijijini hukutana Karatu mjini kushindana, na masharti ya shindano ni magumu. Wimbo uwe mpya, uwe na igizo fupi, na utoke kwenye Biblia. Katika fomu kuna mstari umeandikwa "Andiko", na hapo lazima uonyeshe sura na mstari. Kwaya isiyo na andiko inaondolewa.

Mwaka huu nilitunga wimbo wa Ibrahimu alipokuwa mtoto. Nitausimulia, maana ndio uliotuchekesha wote. Baba yake anachonga sanamu na kuziuza. Siku moja anamwachia mtoto duka. Mama mmoja anakuja na bakuli la unga, anasema, "Zipe sanamu hizi unga huu, zipate kula." Mtoto anaziwekea unga, anangoja. Haili hata moja. Anachukua shoka, anazivunja zote isipokuwa ile kubwa kuliko zote, kisha anaitundikia ile kubwa shoka shingoni. Baba anarudi, anapiga kelele, "Nani amefanya hivi?" Mtoto anasema, "Waligombania unga, yule mkubwa akawapiga wenzake. Muulize mwenyewe." Baba anasema, "Nimuulizeje, na hawezi kusema?" Hapo kwaya yote inaingia kwa kishindo, "Baba, umesikia ulichosema?"

Hadithi hii niliwafundisha watoto wa kipaimara tangu nilipoanza kazi. Ndiyo iliyokuwa ikiwaamsha mchana, wakati wa joto, baada ya makande.

Sehemu ya sanamu kubwa tulimpa mwimbaji wetu wa besi, mtu mrefu ambaye hawezi kupita mlango wowote wa Kansay bila kuinama. Mama wa bakuli alikuwa mke wangu, na ndiye pia aliyepewa kuanzisha wimbo. Hilo halikuwa jambo dogo nyumbani kwetu. Mke wangu ameimba safu ya pili tangu tulipooana. Aliyekuwa akianzisha nyimbo ni mama mwingine mwenye sauti ya dhahabu, ambaye mwaka jana alihamia Arusha kwa mwanawe. Ndipo mwalimu wa kwaya akamnyooshea mke wangu kidole. Tangu siku hiyo alikuwa akiimba kwenye shamba la mbaazi, akiimba akikamua, mpaka ng'ombe nao wakazoea kuingia kwenye kiitikio.

Katika fomu, penye "Andiko", niliandika "Mwanzo 12" bila hata kufungua Biblia. Nani asiyejua Ibrahimu anaanzia wapi?

Jumatatu ya juma la shindano fomu ikarudi kwa njia ya simu, imepigwa picha, na chini yake katibu wa shindano ameandika: "Sura hii haina sanamu wala shoka. Leteni andiko sahihi kabla ya Jumamosi, la sivyo kwaya inaondolewa." Nikacheka. Nikasema katibu huyu amesoma akiwa na haraka. Nikavaa miwani, nikakaa kwenye jua la asubuhi kando ya ukuta, nikafungua Mwanzo 12. Ibrahimu, wakati huo akiitwa Abramu, ana miaka sabini na mitano, anafunga mizigo. Nikarudi sura ya kumi na moja. Kuna mnara, kuna ukoo, kuna Tera baba yake anahama. Hakuna duka. Hakuna unga.

"Umeipata?" mke wangu aliuliza akipita na ndoo.

"Naikaribia."

Nikasoma Mwanzo yote. Jioni aliuliza tena, nikamjibu vile vile. Jumanne nikaingia Kutoka. Jumatano nilikuwa kwenye Waamuzi, na pale kuna Gideoni anayevunja madhabahu ya baba yake, nikaruka kwa furaha, kisha nikakaa chini tena. Mke wangu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba, unaikaribia ukitokea upande gani?"

Nikafungua ukurasa mwingine. Wanawake ishirini na wanaume tisa walikuwa wamefanya mazoezi miezi mitatu, na mke wangu alikuwa amesubiri maisha yake yote.

Alhamisi nikaenda Karatu kuchukua sare. Fundi wetu wa nguo ana cherehani yake barazani, karibu na barabara ya kupandia Ngorongoro. Ni Mwislamu, msomi wa dini yake, na huswalisha pale msikitini kwao imamu anaposafiri. Lakini kwangu mimi kwanza ni ndugu. Tulizaliwa mwaka mmoja, tukakulia safu moja ya nyumba za vibarua kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, ambako baba zetu walikuwa wakifanya kazi. Mimi namwita Ustadhi na yeye ananiita Mwinjilisti, na tunayatamka majina hayo kama watoto wanaotaniana.

"Mwinjilisti! Nguo za malaika wako ziko tayari."

"Malaika wenyewe hawajui kama wataimba."

"Kwa nini? Wamenenepa?"

Nikamweleza. Nikamwambia siku tatu nimesoma mpaka macho yamevimba, na lile andiko la mtoto Ibrahimu na sanamu silioni. Mguu wake ukasimama juu ya cherehani. Akanitazama. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa kitambaa, nikadhani amepatwa na kitu, kumbe anacheka.

"Unatafuta wapi?"

"Nilianza Mwanzo, niko Waamuzi."

"Utafika Ufunuo, ndugu yangu, ukiwa mikono mitupu. Hiyo iko kwetu! Iko ndani ya Kurani! Aliyekusimulia ni mama yangu, kwenye vichanja vya kahawa. Ulikuwa umekaa kushoto kwangu unafyonza buni mbivu, mdomo umejaa utomvu."

Na hapo nikaiona. Miaka yote hiyo niliikumbuka hadithi nikasahau kinywa kilichoitamka. Mama yake alikuwa mtu wa Kondoa, mwembamba, mwenye mikono myepesi kuliko wote pale. Alikuwa akichagua punje mbovu za kahawa zilizoanikwa, na sisi tulimsaidia kwa sharti kwamba atusimulie. Akifika pale mtoto anapochukua shoka, aliacha kuchagua, akanyanyua mkono, na sisi tukafumba macho. Baadaye mimi nikaenda darasa la dini kanisani, nikamkuta Ibrahimu mle mle, na kichwani mwangu nikamwingiza na shoka lake. Sikuwahi kujua kwamba aliingia kwa mlango mwingine.

"Kwa hiyo," nilisema polepole, "miaka arobaini nimewafundisha watoto wa kipaimara Kurani?"

"Na hakuna hata mmoja aliyekuja kuswali," alisema. "Mwalimu gani wewe!"

Basi tukacheka, wazee wawili, mpaka yeye akapangusa machozi kwa futi ya kupimia. Sikujua nicheke au nilie. Kwaya yangu ilikuwa imekwisha, na bado nilikuwa nacheka.

Kwenye benchi la baraza alikuwa amekaa mama mmoja mgeni, mzee wa umri wetu, anasubiri zipu ya begi lake irekebishwe. Pembeni yake alikuwa dereva wake, anayeongoza watalii, Mmaasai wa huko juu Ngorongoro, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Walikuwa wametoka kreta. Yule mama akamuuliza dereva kwa Kiingereza ni jambo gani linawaliza wazee hawa. Dereva akaanza kumweleza, naye mama akaanza kuinuka kidogo kidogo kwenye benchi kama maziwa yanayochemka. Dereva alipofika penye shoka, mama akapiga makofi, akatamka neno la Kiswahili alilojifunza: "Hapana! Hapana!"

"Anasema nini?" Ustadhi aliuliza.

Dereva akajikuna kidevu. "Anasema mnagombania mali ya bibi yake."

Ndivyo tulivyojua kwamba yeye ni Myahudi, mwalimu mstaafu kama mimi, na kazi yake ilikuwa kuwafundisha watoto Torati. Hadithi ya sanamu alisimuliwa na bibi yake akiwa hajafikisha miaka mitano. Akaisimulia pale pale barazani, amesimama, na dereva akitafsiri mbio mbio. Baba anauza sanamu. Mtoto analinda duka. Anakuja mwanamke na bakuli la unga...

"Ngoja!" Ustadhi alisimama, kipande cha kitenge kikaanguka. "Mwambie arudie. Unga?"

"Unga," dereva alisema. "Unga laini, bakuli zima."

Ustadhi akakaa tena taratibu. Sauti yake ikashuka. "Mama alitusimulia unga. Mwinjilisti, si unakumbuka unga? Nilipokua nikasoma, nikaona Kurani haina mwanamke wala bakuli. Nabii Ibrahim anaziuliza sanamu, mbona hamli? Basi. Nikasema moyoni, bakuli mama aliliongeza mwenyewe, ili tusikie njaa turudi nyumbani."

Dereva akatafsiri. Yule mama akaweka mikono yake miwili juu ya cherehani, akasema jambo ambalo sitalisahau: "Swali lilibaki kwenu, bakuli likabaki kwetu. Mama yako alikuwa na vyote viwili."

Rafiki yangu akageuza uso kutazama barabarani. Magari ya watalii yalikuwa yakipanda, vumbi jekundu likiruka.

"Sasa nani aliyemsikia mwenzake?" niliuliza. "Nani alianza?"

Yule mgeni akatikisa kichwa. Alisema watu wenye elimu kuliko yeye wanabishana hata leo, na yeye hataapa. Anachojua ni kwamba Wayahudi na Waislamu waliishi mitaa inayopakana, wakasikilizana kupitia ukutani. Ustadhi naye akasema anajua jambo hilo kwa upande wake. Wafasiri wa mwanzo wa Kurani, wakitaka undani wa habari za manabii, waliwauliza Wayahudi na Wakristo waliosilimu. Habari hizo zina jina lake kabisa, ni habari za wana wa Israeli, na msomi hufundishwa asizimeze zote wala asizitupe zote.

"Lakini mwambie hivi," Ustadhi aliongeza akinyoosha kidole. "Mimi naamini Mungu mwenyewe alimwambia Mtume. Na Mungu hakatazwi kuwaambia pia mabibi wa huyu mama."

Mama aliposikia hivyo alicheka, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Basi mnisaidie," nilisema. "Kama iko Torati, Torati ni Mwanzo yangu. Nionyesheni mstari."

Yule mama akasema hapana, hata kwao haimo ndani ya Torati yenyewe. Imo kwenye mafafanuzi ya wazee wao wa kale. Akanieleza kwa kutumia mikono. Ibrahimu wa Mwanzo anaitwa na Mungu akiwa mzee tayari. Anaambiwa ondoka, anaondoka. Wale wazee wakauliza, Mungu alimjulia wapi mtu huyu? Alifanya nini ujanani hata akachaguliwa? Maandiko yamenyamaza. "Nimetoka kuona shimo lenu huko juu," alisema. "Shimo la namna hiyo halikai tupu. Majani yanaota, wanyama wanashuka." Kisha akasema mbegu ya hadithi imo ndani ya Biblia yangu, niifungue. Yoshua, sura ya ishirini na nne, mstari wa pili.

Nilikuwa nimeishia Waamuzi! Kumbe Yoshua nilikuwa nimempita usiku, juzi, nikisinzia. Nikaweka Biblia niliyokuja nayo juu ya meza ya kukatia vitambaa, kati ya mkasi na chaki, nikasoma. Imeandikwa kwamba baba zao wa zamani walikaa ng'ambo ya mto, na Tera, baba yake Ibrahimu, na kwamba waliitumikia miungu mingine.

Baba yumo! Miungu imo! Niliruka. Magoti yakalia, Ustadhi akanishika kiuno nisianguke juu ya pasi.

Nilipopata pumzi nilimuuliza yule mama jambo lililonijia ghafla. Ametaja sura ya ishirini na nne bila kusita. Je, na Wayahudi nao huhesabu sura kama sisi? Dereva alipomfikishia swali, macho yake yakang'aa kama ya mtoto aliyeficha pipi. Akasema sura hizo waliziazima kwetu. Zamani wasomi wa Kikristo walizigawa kwa namna hiyo katika Biblia zao, na Wayahudi wakabishana nao maandiko mpaka wakachoka kutafuta mahali, wakazichukua namba zile zile. Lakini mahali mstari unapokomea, hapo walikuwa wameshaweka alama wao, zamani zaidi. "Kwa hiyo ukisema sura ya ishirini na nne, unaongea nasi kwa namba yenu. Ukisema mstari wa pili, unasimama mahali tulipoweka sisi."

"Na mimi?" Ustadhi alidai, kama mtu aliyerukwa wakati wa kugawa nyama. "Mimi nimetoa nini humo?"

Akaambiwa wasomi wa Kiyahudi walioishi nchi za Waislamu waliwaona majirani zao wakilichambua kila neno la Kurani mpaka kwenye shina lake, wakajifunza ufundi huo, wakairudia Torati kwa macho mapya. Baadhi ya mafafanuzi yao makubwa waliyaandika kwa Kiarabu. Ustadhi akanitazama kwa majivuno makubwa, akavuta kanzu.

"Na sisi tumewapa nini Waislamu?" niliuliza, maana sikutaka kushindwa.

Hilo Ustadhi alilijibu mwenyewe, bila kupenda sana. "Vijana waliolala pangoni. Nawasoma kila Ijumaa katika Kurani. Nimesikia kwamba Wakristo wa kale walikuwa wakiwasimulia makanisani kwao."

"Ahaa!"

"Usiseme ahaa. Ulikuwa hata huwajui."

Ni kweli, nilikuwa siwajui.

Yule mama hakutuficha kwamba mambo hayakuwa chai na maandazi siku zote. Yalikuwapo mabishano ya kulazimishana, na vitabu vilichomwa moto. Alilisema hilo kwa upole, na Ustadhi akaokota kile kitenge kilichoanguka. Ndipo dereva akadakia.

"Nimewatafsiria saa nzima," alisema. "Kila mtu amepewa kitu. Sura, mistari, mashina, mapango. Lakini sisi Wamaasai hatuna neno. Mungu alitupa ng'ombe wote. Hayo ya vitabu gawaneni tu."

Begi lilikuwa tayari kitambo, hakuna aliyelitazama. Walipoondoka, yule mama alitushika mikono sote wawili pamoja, na mimi sikutaka kuuachia mkono wake.

Nikamwambia Ustadhi, sasa nimepona. Nitaandika Yoshua 24:2, katibu ataona baba na miungu, ataridhika, na hakuna atakayeuliza zaidi. Yeye alikuwa akikunja sare, moja juu ya nyingine, hakuinua kichwa.

"Na mama yangu," alisema, "utamwandika mstari wa ngapi?"

Nilifunga sare kwenye shuka nikarudi Kansay nikiwa na furaha yote ile, na katikati ya furaha, swali hilo.

Ijumaa alasiri, kwenye mazoezi, niliwaambia kwaya kila kitu. Mke wangu alikuwa ameshika bakuli.

"Yaani miezi mitatu," alisema, "nimepikia wajukuu uji nikiimba wimbo wa Waislamu?"

"Na wa Wayahudi," nikaongeza.

Aliyeanza kucheka ni yule sanamu kubwa, kwa sauti yake ya chini, kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi, na baada yake hakuna aliyeweza kujizuia. Mke wangu alicheka mwisho, na alipomaliza akaniambia, "Kesho utasema kweli mbele za watu, halafu mimi nitaimba. Wakituondoa, nitaimba kwenye lori tukirudi."

Jumamosi kanisa la Karatu lilijaa mpaka madirishani. Mchungaji aliyekuwa mkuu wa waamuzi alikuwa mwanafunzi wangu wa kipaimara, mtoto aliyekuwa hakai kimya. Kando yake alikaa katibu, mama makini mwenye kalamu nyekundu. Tulipoitwa nilitangulia mbele, nikaomba ruhusa ya kusema.

"Andiko letu ni Yoshua ishirini na nne, mstari wa pili. Humo mna baba na mna miungu yake. Shoka, bakuli na mtoto mwerevu havimo, si humo wala popote katika Biblia yetu. Shoka nilipewa na mama mmoja Mwislamu wa Kondoa, aliyekuwa akichagua kahawa Oldeani. Bakuli lilitoka kwa mabibi wa Kiyahudi. Mimi niliwaambia watoto wenu kwa miaka arobaini kwamba yote yamo. Nilikosea, nisameheni. Kwaya haina kosa."

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mwalimu," alisema, "mimi mwenyewe nimeihubiri hiyo mara mbili. Nikasema, kama tulivyosoma."

Kanisa likapasuka. Kumbe nusu ya waliokuwamo walikuwa wanafunzi wangu, na kila mmoja alikuwa ameshamfundisha mtu mwingine. Katibu peke yake hakucheka. Alingoja utulivu urudi, akasoma kanuni zake, akageuza karatasi, akasema, "Waimbe. Alama za andiko nitawapa za baba na za miungu. Za shoka siwapi."

Wakaimba. Mke wangu alitoka mbele na kitenge chake cha zambarau, bakuli begani, akaanzisha, na mimi niliyelala pembeni ya sauti hiyo miaka yote nikagundua sikuwahi kuisikia. Sanamu kubwa alisimama na shoka la kadibodi shingoni. Alitakiwa asitikisike. Lakini baba wa Ibrahimu alipomnyooshea kidole akiuliza kwa ukali, "Nimuulizeje, na hawezi kusema?" mabega ya sanamu yakaanza kutetemeka, kisha tumbo, kisha akaangua kicheko, na mke wangu akishindwa kujizuia akageuka ghafla, na bakuli lote la unga likaruka hewani.

Unga ukatua juu ya kwaya. Ukatua juu ya waamuzi, juu ya kalamu nyekundu. Kutoka dirishani, walikosimama wasiopata nafasi, sauti ninayoijua tangu utoto ikapaza: "Hilo bakuli la mama! Hilo bakuli la mama!" Kwaya ikaingia kwenye kiitikio ikiwa nyeupe kama malaika wa kaburi tupu, na watu wakasimama juu ya mabenchi wakaimba nao, na wakaturudisha tena, na tena.

Tulikuwa wa pili kutoka mwisho. Za shoka katibu hakuzitoa, wala sikumlaumu, ingawa nilimwona akijipangusa unga kwenye nyusi huku mdomo ukimcheza. Nje Ustadhi alikuwa akikung'uta sare zake moja moja kwa kiganja, akilalamika kwamba ameshona zambarau na wanamrudishia nyeupe, na machozi yakimtoka. Mke wangu aliimba kwenye lori mpaka Kansay.

Katika daftari langu la kipaimara, pale penye hadithi ya Ibrahimu, nimeandika pembeni kwa kalamu: "Yoshua 24:2. Mengine niliyapata kwa mama wa Kondoa." Sikuwa na sura wala mstari wa kuongeza.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu wa Ibrahimu akubariki nyumbani kwako na safarini. Akupe majirani wenye masikio, akupe kosa litakalokufundisha bila kukuaibisha sana, na siku ukikung'utwa unga mabegani, mkono unaokukung'uta uwe wa rafiki.